Safari ya siku moja Chichén Itzá na senote za Valladolid: maswali mnayotuuliza mara kwa mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila wiki na ndugu wanaokuja Yucatán, Meksiko, kuona Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa huku, wakitokea Marekani, Kanada, Ulaya na nyumbani Afrika Mashariki. Tunaongoza vikundi vidogo, watu wasiozidi kumi, kwa Kiswahili, tukiwa na mwenyeji Mmaya mwenye kitambulisho cha serikali cha uongozaji watalii. Swali lako lisipokuwemo, tuandikie kabla hujalipa.

Senote ni kitu gani hasa?

Ni kisima ambacho hakuna mtu aliyekichimba. Rasi ya Yucatán ni jiwe la chokaa tupu, na upande wa kaskazini hakuna mto hata mmoja unaopita juu ya ardhi. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye jiwe na kushuka. Maji ya mvua yana asidi kidogo, na kwa maelfu ya miaka yamelila jiwe hilo hadi chini kukawa na mapango na mito ya gizani. Paa la pango likichoka huporomoka, na pale lilipoporomoka unachungulia unaona maji. Wamaya hupaita *ts'onot*. Wahispania walipolisikia neno hilo wakalitamka *cenote*, nasi tunaandika senote.

Nyingine ziko wazi kabisa kama bwawa lenye kuta za jiwe, nyingine zimefunikwa nusu, na nyingine ni pango lenye tundu moja tu juu, ambalo jua linapita kama mwanga wa tochi. Hizi za mwisho ndizo tunazozipenda zaidi, na ndizo tunazowapeleka.

Wengi mmesikia kwamba senote zilitokana na kimondo. Ni kweli kwa sehemu. Miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kinachohusishwa na kutoweka kwa dinosaria kilipiga papa hapa, kwenye eneo ambalo leo lina mji wa Chicxulub. Shimo lake, lenye upana wa kilomita 180 hivi, limefukiwa zamani na halionekani. Lakini ukizitia senote kwenye ramani, utakuta kuna upinde mzima wa senote unaofuata ukingo wake. Zile za Valladolid, tunakoogelea, haziko kwenye upinde huo. Hizo ni kazi ya mvua na jiwe.

Kwa nini magofu na maji siku moja? Si bora kila kimoja kiwe na siku yake?

Kwa sababu ni kitu kimoja. Jina lenyewe linasema: *chi'* ni mdomo, *ch'e'en* ni kisima, na Itzá ni watu waliokuwa wakiishi hapo. Chichén Itzá ni "kwenye mdomo wa kisima cha Waitzá". Katika nchi isiyo na mito, mji hauwezi kuota mahali pasipo na senote. Hapa palikuwa na mbili kubwa: Xtoloc, iliyowapa watu maji ya matumizi, na Senote Takatifu upande wa kaskazini, ambayo maji yake yaliachiwa miungu. Mwaka 2015 wanasayansi wa chuo kikuu cha UNAM walitangaza kwamba vipimo vya umeme ardhini vinaonyesha kuna maji hata chini ya piramidi kubwa yenyewe.

Mtu akiona magofu tu anarudi na picha za mawe. Akiingia kwenye maji mchana ule ule, huku joto la uwanja wa piramidi bado liko mgongoni mwake, anaelewa kwa ngozi yake kwa nini watu wa hapa walimwomba Chaac, mungu wa mvua, kabla ya jambo lolote. Ndiyo maana hatukubali kuigawa safari hii, hata mtu akituomba.

Tunaondoka saa ngapi? Mbona mapema hivyo?

Saa 1 kamili asubuhi tunatoka Valladolid. Chichén Itzá iko kilomita 45 hivi kutoka hapo, na geti linafunguliwa saa 2. Tunataka tuwe wa kwanza kuingia.

Angalizo kubwa: jimbo la Yucatán, yaani Valladolid na Chichén Itzá, liko nyuma kwa saa moja kulinganisha na Cancún na Tulum zilizoko Quintana Roo. Simu nyingine hujibadilisha zenyewe ukivuka mpaka wa majimbo, nyingine hazijibadilishi. Tunaposema saa 1, ni saa 1 ya Valladolid, ambayo Cancún ni saa 2.

Kama umefikia Cancún, kuna kilomita 200 hivi hadi magofuni, saa mbili na nusu za barabara. Ushauri wetu ni ulale Valladolid usiku wa kuamkia safari. Ni mji mdogo mzuri, bei zake ni nafuu, na jioni watu wanakaa kwenye bustani ya katikati wakila aiskrimu.

Mara yangu ya kwanza kuja huku nilikuwa mtalii kama wewe, kwenye basi kubwa lililotuokota hotelini Cancún. Tulizungushwa hoteli baada ya hoteli, kisha tukapelekwa kwenye duka la vinyago tukakaa zaidi ya saa nzima, wakitushawishi tununue mikufu. Tukafika kwenye piramidi saa 6 mchana. Jua limesimama utosini, hakuna kivuli, vikundi vimebanana, na mwongozaji anatuambia tuna dakika arobaini. Niliondoka pale na uchungu. Nilijua nimefika mahali pakubwa na sikupaona. Safari hii ninayoiongoza leo ilizaliwa siku hiyo, na hakuna duka tunalosimama njiani.

Tutaona nini Chichén Itzá?

Mji huu ulivuma kati ya karne ya 9 na ya 11, wakati Kilwa ndiyo kwanza inaanza kujijenga. Tunaanza na piramidi ya Kukulcán, yule nyoka mwenye manyoya. Kimo chake ni mita 30 hivi. Kila upande kati ya pande nne una vidato 91, na ukijumlisha na jukwaa la juu unapata 365, siku za mwaka. Waliijenga iwe kalenda.

Simama upande wa kaskazini, hatua kadhaa kutoka kwenye ngazi, upige kofi moja. Kinachorudi si kofi. Ni mlio mwembamba unaoteremka, *tiiu*, kama wa ndege, na wenyeji watakwambia ni kwetzali, ndege ambaye manyoya yake yalivaliwa na wafalme. Maelezo ni kwamba kila kidato hurudisha kipande chake cha sauti, na vile vya juu huchelewa kuliko vya chini. Nimeusikia mlio huo mara nyingi sasa na bado nywele hunisimama. Ukifika saa 2 asubuhi unausikia peke yake. Ukifika saa 6, watu mia wanapiga makofi kwa pamoja na husikii kitu.

Kisha tunakwenda kwenye uwanja wa mpira, mkubwa kuliko wote uliojulikana Amerika ya Kati ya kale: urefu mita 168, upana 70. Inama uangalie michoro iliyochongwa chini ya ukuta. Kuna mchezaji amepiga goti, kichwa hana, na damu inayoruka shingoni mwake imechongwa kama nyoka. Watu hupita hapo wakitazama juu, kwenye pete za mawe, wakaikosa.

Tunapita jukwaa la mafuvu, Hekalu la Mashujaa na msitu wake wa nguzo, na El Caracol, mnara wa duara ambao madirisha yake yalitumika kufuatilia nyota, hasa Zuhura. Tunamalizia kwenye Senote Takatifu. Jumla ni saa tatu hivi kwa miguu.

Tunaruhusiwa kupanda piramidi?

Hapana. Kupanda kulipigwa marufuku mwaka 2006, na ndani pia hakuingiliki. Ukikutana na mtu anayekuahidi kukupandisha, usimpe pesa yako.

Ni kweli waliwatupa wasichana mabikira kwenye kisima?

Watu walitolewa kafara, hilo ni kweli na halifichiki. Kati ya 1904 na 1910 Mmarekani Edward Thompson aliikokoa Senote Takatifu kwa mashine, akatoa dhahabu, jade, ubani wa kopal na mifupa ya watu. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilipelekwa Harvard, na hilo bado linawauma wengi Meksiko. Lakini mifupa ilipochunguzwa, ilikutwa ni ya wanaume, wanawake na watoto. Hadithi ya mabikira ilikuzwa na wageni kwa sababu inauza.

Mwaka 2024 kulitoka utafiti wa vinasaba uliotushtua hata sisi. Mwaka 1967, karibu na senote hiyo, wajenzi wa kiwanja cha ndege walikuta tangi la kale la chini ya ardhi lenye mabaki ya watoto zaidi ya mia. Watoto 64 walipimwa, na wote walikuwa wavulana. Angalau robo yao walikuwa na ndugu wa karibu humo humo, na jozi mbili walikuwa pacha wa kufanana. Pacha wana nafasi kubwa katika masimulizi ya Wamaya: ndugu wawili wanaoshuka kuzimu, Xibalbá, kushindana na mabwana wa mauti. Senote zenyewe zilihesabiwa kuwa milango ya huko. Watafiti walilinganisha pia vinasaba hivyo na vya watu wa Tixcacaltuyub, kijiji cha Wamaya kilicho jimboni humo humo, wakaona damu haijakatika.

Tunawaomba wageni wetu pale ukingoni waongee kwa sauti ya chini. Mimi nimekulia Tanga, na mapangoni Amboni nilizoea kuona watu wakiacha sadaka na kunong'ona. Hapa pia nanong'ona.

Wamaya wa sasa wako wapi? Si walitoweka?

Hawakutoweka. Miji iliachwa kwa nyakati mbalimbali, watu wakabaki. Kimaya cha Yucatán kinazungumzwa na zaidi ya watu laki saba nchini Meksiko. Mwongozaji wetu anakizungumza na mama yake kwa simu kila asubuhi ndani ya gari, na mashamba ya mahindi na maharage mnayoyaona kando ya njia ni yao. Ukimuuliza "Wamaya walikuwa wanakula nini?" atakujibu kwa upole alichokula jana. Tafadhali uliza "mnakula nini".

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Karibu nusu ya wageni wetu hawajui kuogelea, na si aibu. Wengi tumekua karibu na maji tuliyokatazwa kuyasogelea.

Tunakwenda Dzitnup, kilomita chache nje ya Valladolid, kwenye senote mbili zinazotazamana ng'ambo ya njia: X'kekén na Samulá. Zinaendeshwa na wanakijiji wenyewe. Wenyeji husimulia kwamba X'kekén, yaani nguruwe, iligunduliwa wakati wa ukame, nguruwe aliyepotea aliporudi nyumbani akiwa ameloa matope. Zote ni mapango. Unashuka ngazi nyembamba, hewa inakuwa nzito na yenye unyevu, kisha paa linafunguka juu yako kama kuba la msikiti. Maji ni ya samawati, na kule Samulá mizizi ya mti ulioko juu ya ardhi inaning'inia kupitia tunduni, ikiyatafuta maji.

Jaketi okozi tunampa kila mtu, hata anayejua kuogelea, na mmoja wetu huwa majini kabla ya mgeni yeyote kuingia. Fahamu tu kwamba senote si ufuko wa bahari. Hakuna mchanga unaoteremka polepole. Sehemu nyingi ukiachia ukingo, chini hupagusi.

Mwaka juzi tulikuwa na mama mmoja aliyeapa kuwa hataingia. Alikaa kwenye kidato cha mwisho akatia miguu majini, na vile visamaki vyeusi vidogo vikaja kumdonoa vidole. Akapiga yowe, akacheka, akavirudishia miguu. Dakika kumi baadaye akaomba jaketi. Nilimshika mkono hadi akalala chali, masikio ndani ya maji, macho kwenye lile tundu la mwanga. Alikaa hivyo kimya muda mrefu. Alipotoka aliniambia ni mara ya kwanza maji kumbeba. Umri wake ulikuwa miaka 63.

Maji ni baridi? Kuna nyoka au mamba?

Ni nyuzi 24 au 25 mwaka mzima: unashtuka ukiingia, kisha unazoea. Kwenye mapango haya utaona visamaki, kambale, popo na mbayuwayu. Mamba hatujawahi kumwona.

Kwa nini mnatukataza kupaka losheni ya jua?

Kwa sababu maji yale ni ya kunywa. Senote si mabwawa yaliyojitenga. Ni madirisha ya mkondo mmoja mkubwa wa chini ya ardhi ambao vijiji na miji yote huku inautegemea. Mfumo wa Sac Actun, karibu na Tulum, ulipimwa mwaka 2018 ukafika kilomita 347 za mapango yaliyojaa maji. Unachokiacha hapa kinasafiri.

Kabla ya kuingia kila mtu anaoga kwa maji matupu. Losheni, mafuta ya nazi, manukato, dawa ya mbu na dawa ya nywele vyote vioshwe, hata ile losheni iliyoandikwa kuwa haina madhara. Nimeona kwa macho yangu maji ya senote moja yenye wageni wengi yakiwa na utando unaong'aa rangi rangi kama mafuta juu ya supu. Iliniuma. Kwa hiyo magofuni jikinge kwa kofia pana na shati la mikono mirefu badala ya losheni, na dada zetu wenye nywele zilizopakwa mafuta waje na kofia ya kuogelea.

Naweza kuogelea nikiwa nimejisitiri?

Bila shida. Nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima pamoja na hijabu yake inakubalika kabisa, na inakukinga na jua vilevile. Usivae pamba: ikiloa inakuwa nzito. Sehemu za kubadilishia nguo zipo, za wanaume na za wanawake.

Chakula cha mchana ni nini? Kuna halali?

Hili tulizungumze wazi. Chakula kinachojulikana zaidi Yucatán ni cochinita pibil, nayo ni nguruwe: hulowekwa kwenye danzi na viungo vyekundu, hufungwa kwenye majani ya mgomba na kuivishwa ndani ya shimo la moto. Zaidi ya hapo, maharage mengi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na hili ndilo linalowaponyoka wengi. Nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu hatujaipata Valladolid.

Kwa hiyo tunakula nyumbani kwa familia moja ambayo tumeelewana nayo. Kwa wasiokula nguruwe kuna samaki, mayai, na maharage yaliyopikwa kwa mafuta ya mimea kwenye sufuria yake, pamoja na maandazi membamba ya mahindi yanayopikwa juu ya bati mbele yako. Asiyejali anapata cochinita ya kweli, na anayekula kuku apate supu yake ya ndimu. Ile pilipili ya rangi ya chungwa mezani ni ndugu wa pilipili mbuzi. Ianze kwa ncha ya kijiko.

Mzazi wangu ana miaka zaidi ya 70, na mtoto ana 5. Wataweza?

Magofuni ardhi ni tambarare, kuna miti ya kupumzikia na hatukimbizani. Shida ni ngazi za senote: zina mteremko mkali na huwa zinateleza. Mzee asiyependa ngazi tunabaki naye juu, kivulini. Watoto wanakuja, tuambie kimo na uzito ili tulete jaketi linalowatosha.

Viza?

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza ya Meksiko. Lakini mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, huingia kwa matembezi bila kuomba nyingine. Taratibu hubadilika, hivyo thibitisha na ubalozi wa Meksiko, Nairobi au ulio karibu nawe, kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Bei inajumuisha nini?

Usafiri, waongozaji wawili, chakula, jaketi, na viingilio vyote. Chichén Itzá ina viingilio viwili, kimoja cha serikali kuu na kingine cha jimbo, na ndiyo maana bei unazoziona mitandaoni hazifanani. Njoo na peso taslimu kwa ajili ya vinywaji na wachuuzi, ambao wamejaa ndani ya magofu. Wengi wao ni Wamaya wa vijiji jirani. Ukitaka kinyago, nunua kwa yule unayemkuta anakichonga.

Mwezi gani ni mzuri?

Novemba hadi Machi. Aprili na Mei joto ni kali mno. Mvua ni Juni hadi Oktoba, na huo ni msimu wa vimbunga pia. Tukipata onyo tunaahirisha na kukurudishia pesa. Hatuendi Jumapili, kwa kuwa raia na wakaazi wa Meksiko huingia bure na panajaa. Siku za Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana, kivuli huteremka kwenye ngazi kama nyoka, nao maelfu hufika kumtazama. Njoo siku chache kabla au baada: kivuli huwa kipo bado, na umati umepungua.

Kamera na droni?

Simu na kamera ya kawaida sawa. Droni ni marufuku magofuni. Ndani ya mapango tunaomba msiwashe mwanga mkali kuelekea darini, popo wamelala.

Tuwasalimieje wenyeji?

Kihispania kinatosha, ila Kimaya kinafungua nyuso. Asubuhi sema *ma'alob k'iin*, siku njema. *Bix a beel?* ni "hujambo?", na unajibiwa *ma'alob*, sijambo. Ukipewa chakula sema *Dios bo'otik*, na yule mama aliyekuhudumia atakujibu *mixba'al*, si kitu, kisha atakuongezea andazi jingine.